Watu wa pwani twajifunika sana, hatujitandiki

Haya ni maneno niliyoyasema hapa Lamu, Jumamosi baada ya Alasiri, mbele ya vijana wanaojiandaa kupanda Mlima Kenya. Waliokuwa baharini na waliokuwa harusini wameomba niyaandike. Nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni. Vile vitu nilivyovionyesha kwa mkono nimejaribu kuvieleza.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wangu mliokaa mbele, mama zangu, wanangu mnaokwenda mlimani, karibuni. Na nyinyi mliosimama mlangoni ingieni, mkeka bado una nafasi.

Niliitwa nije nizungumze juu ya vifaa. Nikauliza, vifaa gani? Nikaambiwa viatu, jaketi, taa ya kichwani, vyote. Nikasema hapana. Viatu mtaelezwa na wanaovijua. Mimi ni fundi wa matanga. Nashona tanga, nashona hema, na siku hizi naletewa magodoro ya kambini yaliyotoboka. Nitasema kitu kimoja tu: mtalalia nini. Sikusema mtajifunika nini. Mtalalia nini?

Nani humu ameshapata blanketi zito, au begi la kulalia? Inueni mikono. Mashallah, karibu nyote. Na nani ameshapata cha kutandika? Mmoja. Wawili. Yule wa nyuma ameinua kisha ameuteremsha, basi tuseme mmoja na nusu.

Ndivyo nilivyokuwa mimi.

Mara yangu ya kwanza tulipanda kwa njia ya Sirimon. Usiku wa kwanza tukalala kambi ya Old Moses, mita 3,300, ndani ya nyumba, juu ya kitanda chenye godoro. Nikajiona shujaa. Usiku wa pili ni kambi ya Shipton's, mita 4,200, na safari hii ni hema. Nilikuwa na begi la kulalia la kuazima, zuri, limejaa manyoya ya bata. Chini nimetandika mkeka wa marehemu bibi yangu, mkeka wa Kipungani, nimeukunja mara mbili, na juu yake kikoi. Nikajiambia, mkeka huu umelaliwa Kiwayu, umelaliwa Pate, umelaliwa juu ya sitaha ya jahazi. Mlima una nini?

Saa sita usiku niko macho. Juu nina joto, kifua kinatoka jasho. Chini, wanangu, chini mgongo wangu uko kama samaki kwenye kasha la barafu. Nikageukia ubavu, nyonga ikaanza kuuma kwa baridi. Nikageukia tumbo, magoti. Nikavaa jaketi ndani ya begi. Juu joto likazidi, chini baridi ni ile ile. Nilijigeuza na kujigeuza kama chapati, ila chapati hupata moto kila upande.

Mpagazi wetu, mtu wa Meru, akasikia ninavyofurukuta akaja na tochi. Akaangalia chini yangu. Hakuangalia begi, aliangalia chini. Akachukua mkoba wangu akaumwaga, akautandaza mgongoni pangu. Akachukua koti lake la mvua, kamba yake ya kufungia mizigo, gunia tupu la viazi, vyote akavisukuma chini ya ule mkeka. Kisha akasema, na maneno haya sijayasahau: "Nyinyi watu wa pwani mnajifunika sana, hamjitandiki."

Nikalala mpaka saa nane, tulipoamshwa twende kilele cha Lenana. Nilikuwa nimelalia gunia la viazi.

Sasa tuulizane, kwa nini? Begi lilikuwa zuri, mbona halikufaa mgongoni? Sikilizeni, hapa ndipo penyewe. Kinachotia joto kwenye begi si manyoya. Ni hewa iliyokwama katikati ya manyoya. Ukilala juu yake, uzito wako unayabana yale manyoya yanakuwa kama karatasi, hewa yote imetoka. Mama zangu mnalijua godoro la sufi lililolaliwa miaka kumi bila kuanikwa wala kuchambuliwa. Limebaki nini? Ubao. Basi begi lako, kwa upande ule wa chini, kila usiku ni godoro la sufi la miaka kumi. Ardhi ya mlima inakunyonya joto moja kwa moja, na ardhi haishibi. Huwezi kuipasha moto Mlima Kenya kwa mgongo wako.

Na sisi kosa hili tunalifanya kwa sababu. Wala si ujinga, mzee wangu usinikunjie uso. Ni elimu ya mahali pengine. Hebu tazama kitanda cha kamba. Kwa nini wazee walisuka kitanda kikawa na matundu chini? Ili upepo upite chini ya mgongo, mtu apoe. Mkeka je? Ule ukili wa miyaa unapitisha hewa, haushiki jasho. Wavuvi wetu wanapokaa dago, yaani kambi ya uvuvi, siku ishirini kule upande wa Kiunga, hutandaza tanga kuukuu juu ya mchanga, wakachimba kidogo pale penye nyonga na pale penye bega, wakalala usingizi wa mfalme. Mchanga wetu usiku wala haukudhuru. Kila kitanda tulichorithi kimetengenezwa kiondoe joto kwa chini. Mlimani unataka kitanda kinachofanya kinyume chake kabisa. Ukienda na elimu ya dago juu ya mita 4,200 utakuwa chapati.

Haya. Sasa dukani. Unaingia dukani Nairobi, au unatazama kwenye simu, unakuta magodoro hamsini, yote yameandikwa "mepesi", yote yameandikwa "ya raha". Utachaguaje?

Tazama herufi moja. R. Hiyo ni namba ya jinsi godoro linavyozuia joto lako lisiteremke ardhini. Namba ikipanda, joto linabaki. Zamani kila kampuni ilijipimia kwa kijiko chake. Tangu mwaka 2020 hivi kampuni nyingi kubwa zinatumia kipimo kimoja, kinaitwa ASTM F3340. Godoro linawekwa kati ya sahani mbili, ya juu ina joto kama la ngozi ya mtu, nyuzi 35, ya chini imepozwa mpaka nyuzi 5, halafu unapimwa umeme unaohitajika ili ile ya juu isipoe. Yaani wamemchukua yule mpagazi wa Meru wakamfanya mashine.

Kwa pwani yetu, kwa Shela, kwa Manda, hata namba 1 inatosha, na mkeka mtupu unatosha pia, msije mkapoteza pesa. Kwa Tsavo au Marafa, 2 hivi. Kwa kambi za juu Mlima Kenya, mimi sishuki chini ya 4. Na kuna jambo zuri ambalo wauzaji hawalisemi sana: R zinajumlishwa. Ukiweka godoro la 2 juu ya godoro la 2, umepata 4. Mtu asiye na pesa ya godoro moja zuri anaweza kulala vizuri juu ya mawili ya kawaida. Atabeba mzigo mkubwa kwa macho, lakini hatatetemeka.

Msidanganyike na unene. Kuna kijana mmoja, yumo humu ndani, simtaji, anajijua na jirani yake ameanza kucheka. Alinunua lile godoro la kuelea baharini, nene namna hii, shubiri moja kasoro. Akaja nalo kwangu anajisifu: fundi, tazama unene! Nikamwambia mwanangu, ndani mna nini? Akasema, upepo. Basi ndio huo. Upepo mtupu ndani ya mfuko mkubwa hautulii. Kila ukijigeuza, ule uliopata joto mgongoni kwako unachanganyika na wa baridi wa chini. R yake haifiki hata 1. Godoro la mlimani lenye upepo huwa limegawanywa vyumba vyumba ndani, au limewekwa nyuzi za kushika hewa, au karatasi inayong'aa kama ile ya pakiti ya biskuti inayorudisha joto mwilini. Ile karatasi, niwaambie mapema, kwenye magodoro mengine ina kelele. Ukigeuka ni krrsh, krrsh, kama mtu anakula krispi gizani. Kama unalala hema moja na mtu mwenye hasira, nunua lililo kimya.

Na uzito? Kwa makadirio tu: la sponji ngumu ni gramu 400 hivi. Linalojijaza lenyewe, lile lenye sponji ndani na vali, ni gramu 700 hadi kilo na zaidi. La upepo lenye kinga ya joto ni nusu kilo, na yapo ya ghali yasiyofika hata gramu 400 na yana R ya 4. Likikunjwa linaingia kwenye nafasi ya chupa ya maji ya lita moja. Ndiyo maana watu wanalipenda. Mimi nalipenda pia, ila nitawaambia ubaya wake.

Lakini kwanza sponji, maana hapo ndipo wengi mtaangukia, na hapo ndipo mnapouziwa mbuzi kwenye gunia.

(Hapa nilitoa ndoo ya maji na vipande viwili vya sponji, kila kimoja ukubwa wa kiganja.)

Hiki ni cha kochi. Laini, kinabonyea. Nakitia majini. Tazameni, kimekunywa. Nakikamua, nusu glasi hii. Hiki cha pili ni cha godoro la kambini. Nakitia, kinaelea. Nakizamisha kwa kidole, nakiachia, kimerudi juu. Nakifuta kwa shati, kikavu. Mnakijua hiki. Ni jamaa ya champali zenu! Ni jamaa ya maboya yale ambayo wavuvi hukata kwa champali kuukuu wakafunga kwenye nyavu. Lile dau la Flipflopi, lililojengwa hapahapa Lamu kwa plastiki kuukuu na kuteremshwa majini mwaka 2018, ubavuni limevikwa champali chungu nzima. Ni sponji ya namna hiyo. Vijishimo vyake vimefungwa, kila kimoja kimeshika hewa yake, maji hayaingii na uzito wako hauitoi. Basi ukienda kununua, beba chupa ya maji. Likinywa, rudisha.

Na dada zangu wa Shela mnaofanya yoga, najua mtaniuliza. Ule wenu hapana. Ni mwembamba, unanata, na mwingine una uzito wa kilo na zaidi. Utaubeba ukiutukana.

Sasa niwaeleze kuhusu upepo. Tulikwenda Marafa, pale Nyari penye yale mabonde mekundu, na vijana sita. Godoro langu jipya la upepo. Nilifagia chini kwa mkono, nikaona pasafi, nikatandika. Saa nane za usiku nikaamka niko ardhini, godoro limelala kama ngozi ya nyoka. Mwiba wa mgunga, mmoja tu, mwembamba kuliko sindano yangu ya kushonea tanga. Asubuhi nikampelekea fundi baiskeli. Akatafuta tundu kwa povu la sabuni, akalipata upesi. Akapiga msasa, akapaka gundi ya tyubu, akabandika kiraka. Kazi safi kabisa. Usiku wa pili, saa nane ile ile, niko ardhini. Je, fundi alikosea? Hakukosea. Gundi yake ni ya mpira, na godoro si mpira, ni nailoni iliyopakwa plastiki. Haviingiliani. Unahitaji kiraka na gundi iliyotengenezewa kitambaa kile, huja na godoro kwenye kimfuko kidogo ambacho nyote mtakitupa msipoangalia. Usikitupe! Futa pale kwa spiriti, subiri pakauke, bandika, kandamiza kwa kitu kizito, kisha liache saa kadhaa kabla ya kujaza. Haraka ndiyo iliyonilaza chini mara mbili.

Lakini pia msilaumu tundu kila mara. Utajaza godoro jioni lina ugumu mzuri, usiku utalikuta limelegea, utaanza kutafuta tundu kwa tochi wakati hakuna. Upepo ukipoa unajikunja. Hewa ya nyuzi 25 ikishuka mpaka sifuri inapungua karibu asilimia 8. Ongeza pumzi mbili ulale.

Pumzi, nimesema? Afadhali pampu. Kuna zile za mfuko, unanasa upepo kwenye mfuko, unausukuma godoroni, na mfuko huohuo unatilia nguo. Kwa mdomo kuna mambo mawili. La kwanza, pumzi yako ina unyevu, na kwa joto letu la Lamu ule unyevu unazaa ukungu ndani, godoro linanuka kama pango la popo. La pili, nyinyi mmezaliwa usawa wa bahari. Kule Shipton's kila pumzi unayovuta ina kama asilimia 60 tu ya hewa unayoipata hapa. Puliza mara ishirini pale uone kama hutakaa chini ukaziona nyota mchana.

Na adui mwingine, jua. Niliwahi kuletewa godoro lililojazwa likaachwa ufukweni Manda saa sita za mchana. Upepo ukatanuka, kuta za ndani zikabanduka, katikati likaota nundu kama ya ng'ombe. Mwenyewe akaniuliza, fundi, utalishona? Nikamwambia, hili la kuuza kwa sarakasi. Halishoneki.

Mzee anauliza, na raha je? Raha mzee wangu haijulikani dukani ukiwa umesimama. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname, basi na wewe lala, palepale sakafuni, wakucheke. Lala vile unavyolala kwako. Anayelala chali, sentimita tano au sita zinamtosha. Anayelala ubavu anahitaji zaidi, kwa sababu uzito wote unaangukia nyonga na bega. Mwenzako apitishe mkono kati ya nyonga yako na sakafu: ukikwama, godoro jembamba au upepo haba. Na usilijaze mpaka liwe gumu kama ngoma. Lijaze, lala, kisha fungua vali pole pole mpaka usikie nyonga inazama kidogo bila kugusa chini. Hapo funga.

Upana pia. Mengi yana sentimita 51, mkono mmoja na vidole vitatu kwa kipimo cha wazee. Mtu mnene kidogo mikono yake inalala nje, na mkono wa nje unaganda. Yapo ya sentimita 64, na zile gramu zinazoongezeka mimi nazilipa kwa furaha, maana nina mabega ya kuvuta tanga. Urefu, unaweza kupunguza. Wako wanaonunua linaloishia magotini, miguu wakailaza juu ya mkoba mtupu. Hilo nalikubali, mradi mkoba uwe mtupu na mkavu.

Likiteleza hemani, na yanateleza, paka vitone vya silikoni ya mabomba upande wa chini, acha vikauke siku nzima. Ujanja huo nautoa bure.

Sasa kazi. Jumanne baada ya Alasiri, kila mwenye godoro alilete karakana kwangu, hata la kuazima, hata lile la kuelea baharini, tutacheka pamoja. Nitakuwa na beseni kubwa, sabuni, na viraka vya aina tatu. Tutajaza, tutalowesha, tutasikiliza. Linalotoa mapovu litajulikana hapa, ambapo usiku hauna baridi.

Na yule mama aliyeniuliza mlangoni, mkeka wa bibi uliishia wapi? Ninao. Nimeukata, samahani bibi, nimebakisha kiasi cha msala. Unatangulia chini, godoro linafuata juu yake, miiba inakutana na ukili kwanza. Alfajiri nautoa, naung'uta umande, nauelekeza kibla. Juu ya godoro la upepo sisali. Magoti yanazama mno, nilijaribu, rakaa ya pili nikaangukia hema la jirani.